Kanda la Usufi: Msafiri, Mzigo na Malazi Yake

Methali yetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika miaka yangu ya kufundisha, wanafunzi waliieleza vyema kwenye mitihani: mtu haoni uzito wa taabu asiyoibeba yeye mwenyewe. Lakini mara chache tulisimama kulitazama kanda lenyewe. Usufi ni nyuzi laini zitokazo katika tunda la msufi, nazo ndizo zilizojazwa katika mito na magodoro ya nyumba zetu kabla ya kuja kwa povu la viwandani. Kwa hiyo aliyeitunga methali hakuchagua kitu chepesi chochote. Alichagua malazi. Ni kana kwamba alimwona mtu njiani amejitwisha godoro, na nyuma yake mwingine akienda mikono mitupu, akidhani kwamba pale hapana uzito.

Naileta methali hii kwa sababu kila ukaribiapo mwezi Juni, baadhi ya vijana niliowasomesha, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi zao, hunipitia hapa Kihesa wakiwa na swali moja. Wanataka kwenda kulala nyikani peke yao, usiku mmoja au mitatu: huyu Kitulo, yule pembezoni mwa Udzungwa, mwingine mlima wa Mbeya. Wanauliza wachukue hema gani, walalie nini, wajifunike nini, na mzigo wote uwe na uzito gani. Nusu ya swali huwa kwa Kiingereza, maana wanaamini kuwa jambo lenyewe ni geni, limekuja na watalii na maduka ya mtandaoni, na kwamba Kiswahili hakina maneno yake.

Sikubaliani nao. Swali la nini cha kulalia, na bega la nani litakibeba, ni miongoni mwa maswali ya zamani kabisa katika lugha hii. Kiswahili kilikwenda bara juu ya mabega ya watu waliolazimika kulijibu kila jioni.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, Pangani, Kilwa na bandari nyingine za pwani kwenda Tabora, Ujiji, Uganda na nchi za Ziwa Nyasa. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o na maradhi mengine, na njia zilikuwa za mguu tu, kwa hiyo karibu kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega. Kipimo kilikuwa frasila, yapata kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Juu ya uzito huo mpagazi aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, kibuyu, chungu, posho na silaha. Hapo ndipo elimu ya wepesi ilipozaliwa. Mtu aliyebeba kilo 30 za tajiri hana nafasi ya kubeba godoro lake.

Jibu lake lilikuwa kutobeba nyumba, bali kubeba ujuzi wa kuijenga. Msafara ulipofika mahali pa kutua, mizigo ilirundikwa na watu wakatawanyika kukata fito na nyasi. Kwa muda mfupi vibanda vilisimama, vikazungushiwa boma la miiba. Richard Burton, aliyepita njia ya kati mwaka 1857, alizieleza kambi hizo kwa kirefu. Vibanda vilivyoachwa na msafara mmoja vikawa malazi ya msafara uliofuata, na neno kambi likashika maana mbili: mahali pa kulala, na pia kikundi kidogo cha wapagazi waliopika na kulala pamoja. Hema la tajiri au la Mzungu, pamoja na kitanda cha kukunja, meza na kiti, lilihitaji mabega ya watu kadhaa. Kibanda cha mpagazi hakikuongeza hata ratili moja.

Sisemi kwamba misafara hiyo yote ilikuwa jambo la fahari. Katika baadhi yake walikuwamo watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuchagua njia, mzigo wala pa kulala. Lakini mpagazi huru, hasa Mnyamwezi, alikuwa mtu wa kazi yenye heshima na kanuni zake. Alijadiliana juu ya ujira, alibishana juu ya uzito, aligoma, na mambo yakizidi alitoroka. Alijua kilo moja ni nini baada ya mwendo wa saa sita.

Mkufunzi wetu wa Kiswahili katika chuo cha ualimu alikuwa akisema kuwa neno huchimbwa kabla ya kuelezwa. Tuchimbe basi. Hema ni neno la Kiarabu. Chandarua limevuka bahari kutoka India, ambako lilikuwa kitambaa cha kutandazwa juu kama dari. Machela limekuja na Wareno. Blanketi na turubai yametoka kwa Waingereza. Sasa tazama upande wa pili: kibanda, mkeka, kulala, kutanda, kutandika, kufunika, kutua. Haya ni maneno ya shina letu la Kibantu. Si kanuni isiyovunjika, lakini mwelekeo wake unaonekana. Mengi ya majina ya vitu vilivyotengenezwa mbali, vikanunuliwa na kubebwa, tuliazima. Majina ya vitu vinavyofumwa au kusimamishwa kwa mikono papo hapo, pamoja na vitenzi vya kulala vyenyewe, tulikuwa navyo.

Kitanda ni mfano mzuri wa neno lililosafiri. Wazee wa lugha hulihusisha na kutanda, yaani kuenea au kunyooshwa juu ya kitu, kama kamba zinavyotandwa kwenye fremu ya mti, au mawingu yanavyotanda. Katika shajara za mwisho za David Livingstone, alipokuwa mgonjwa na hawezi kutembea, neno kitanda limeandikwa vivyo hivyo kwa Kiswahili. Lilikuwa jina la machela ya miti ambayo watu wake walimbebea. Kitanda chake kilikuwa mabega ya wenziwe.

Watu hao tunawajua kwa majina, na hilo ni nadra katika historia ya wapagazi. Miongoni mwao walikuwamo Abdulla Susi na James Chuma. Mwishoni mwa Aprili 1873 walimjengea kibanda katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na humo akafariki tarehe 1 Mei. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauviringisha kwa kitambaa cha pamba, wakautia ndani ya gome la mti, kisha wakaushonea turubai kwa nje na kuufunga kwenye mti wa kubebea. Safari ya kuufikisha Bagamoyo ilichukua miezi mingi, na walifika Februari 1874. Katika sehemu moja ya njia, walipohofia kuwa wenyeji hawataruhusu maiti kupita, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo.

Mtumba. Kijana wa leo akilisikia neno hilo huwaza sokoni, marundo ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani. Katika lugha ya misafara mtumba ulikuwa robota la vitambaa lililofungwa vizuri, mzigo wa mtu mmoja. Na kitambaa kilichotawala humo kwa miaka mingi kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts. Kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Kimarekani, ambao nchi yao ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipunguza sana ujaji wake na kuwafungulia mlango washindani kutoka Uingereza na India.

Merikani ilipimwa kwa mkono. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa doti msafara ulilipa hongo, ukanunua mtama, ukatoa ujira. Lakini kitambaa hicho hicho kilivaliwa mchana, kikafunikiwa usiku, kikatandwa juu ya fito mvua iliponyesha, na mtu alipokufa kikawa sanda. Neno shuka, ambalo leo tunalitandika kitandani bila kuwaza, lilikuwa kwa wakati mmoja sarafu, vazi na blanketi. Watembezi wa siku hizi hutoa fedha nyingi kutafuta kitu kimoja kifanyacho kazi tatu. Mpagazi alikuwa nacho, amekizungusha kiunoni.

Miaka mitano baada ya kuuleta mwili ule pwani, Chuma alipita katika nchi hii yetu. Tarehe 19 Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam ukiongozwa na Keith Johnston. Johnston alikufa Behobeho mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuiona Afrika kabla ya safari hiyo. Chuma ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi, na Thomson mwenyewe aliandika kwa sifa juu yake. Walipanda kutoka nchi za joto, wakavuka Uhehe na Ubena katika miezi ya baridi, wakafika kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Ningependa msomaji wa pwani aelewe maana ya kupanda huko. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na nyanda za Ubena ziko juu zaidi. Uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, umeinuka hadi mita 2,600 hivi. Mwezi Juni na Julai sakitu hutanda mabondeni alfajiri, na majani ya chai ya Mufindi yaweza kuungua kwa baridi kana kwamba yamepitiwa na moto. Mtu aliyetoka mrima na mkeka mmoja na shuka moja hukutana hapa na usiku asioujua. Malazi mepesi ya pwani hayatoshi huku. Uzito unaofaa haupimwi kwa mizani peke yake, hupimwa pia kwa mahali na kwa mwezi.

Wenyeji wa hapa walikuwa na majibu yao. Mzee wa Kihehe alijitanda mgolole, kitambaa kipana kinachopita begani, kilichokuwa vazi mchana na blanketi usiku. Nyumba yake ilikuwa tembe yenye kuta nene na dari la udongo linalohifadhi joto. Na kwa aliyekuwa njiani palikuwa na majabali. Mawe makubwa ya Iringa yameinama na kuacha nafasi chini yake, nayo yalihifadhi watu muda mrefu kabla ya tembe. Igeleke, upande huu wetu wa Kihesa, jabali la namna hiyo bado lina michoro ya watu wa kale. Hicho ndicho kivuli chepesi kuliko vyote, kwa kuwa hakibebwi, lakini nacho kina masharti: ni lazima umfuate kilipo, hakikufuati ulipo.

Hakuna aliyelijua sharti hilo kwa uchungu kama Mtwa Mkwawa. Jina la Iringa lenyewe linatokana na lilinga, ngome, na ngome yake ya Kalenga ilikuwa na ukuta mrefu wa mawe. Aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka kwa mizinga. Tangu siku hiyo hadi tarehe 19 Julai 1898, karibu miaka minne, mtawala aliyekuwa na malazi mazito kuliko yote katika Nyanda za Juu aliishi kwa kuhamahama msituni na majabalini, huku zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imewekwa juu ya kichwa chake. Alijiua karibu na Mlambalasi, akiwa amebakiwa na wafuasi wachache mno, ili asikamatwe akiwa hai. Julai ni kilele cha baridi yetu, na anayewindwa hawezi kuwasha moto mkubwa. Wahenga walisema msafiri masikini ajapokuwa sultani. Sijui mfano mwingine unaoijaza methali hiyo kama huu.

Elimu ya wapagazi ilikuja kuvunjwa vibaya miaka 16 baadaye. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya kikoloni yalikusanya wabeba mizigo kwa mamia ya maelfu. Iringa ilitwaliwa na Waingereza mwezi Agosti 1916, na vikosi vya Jenerali Northey vilivyotoka upande wa Nyasa vilipita katika nchi hizi vikitegemea watu walioitwa tengatenga. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wabeba mizigo waliokufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki hutajwa kuwa zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na uchovu. Mpagazi wa zamani alibishana juu ya frasila zake na kuchagua pa kujenga kibanda. Mbeba mizigo wa vita hakuchagua mzigo, kituo, wala cha kujifunikia. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo hao. Tunalitamka kila siku tukienda kununua mablanketi.

Kwa hiyo namwambia kijana anayejiandaa: usidhani unaanza jambo jipya. Wewe ni mpagazi unayejitwisha mzigo wako kwa hiari, na hiyo ni bahati ambayo wengi hawakuipata. Tena anayekwenda peke yake ni tajiri na mpagazi kwa wakati mmoja. Hana mwenziwe wa mbele wa kumfanya aone usufi. Kila anachokitamani usiku atakilipia mchana kwa mgongo wake.

Duniani wapo waliolionyesha hili kwa uzuri. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Kimarekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na watoto 11, aliitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, kilomita 3,300 hivi. Hakuwa na shanta ya dukani wala hema. Alishona mfuko wa kitambaa kigumu akautundika begani, akachukua blanketi, na pazia la plastiki la bafuni likawa paa lake mvua iliponyesha. Wapagazi wetu wangemwelewa mara moja: kitu kimoja, kazi nyingi, na kichwa kinachojua mahali pa kulala.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe, kwa maneno yetu.

Anza na cha kulalia kabla ya cha kujifunikia. Nilipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa kule Mafinga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulijifunza upesi kuwa baridi ya ardhini ina meno kuliko ya hewani. Sababu yake ni rahisi. Joto la blanketi hukaa katika hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi. Ukililalia, uzito wako huikamua hewa hiyo, na ardhi hukunyonya joto usiku kucha. Ndiyo maana wapagazi walitandika nyasi chini ya mkeka. Leo mkeka wa povu wenye uzito wa nusu kilo hufanya kazi hiyo, nao hautoboki kama godoro la kupuliza, ingawa godoro la kupuliza ni laini zaidi na hukunjwa likawa dogo.

Cha kujifunikia ni mfuko wa kulalia. Yapo ya manyoya ya bata na yapo ya nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi na yenye joto kuliko yote, lakini yakilowa hulala kama kuku aliyenyeshewa. Nyuzi za kiwandani ni nzito kidogo, ila hubakiza joto hata zikipata unyevu, na bei yake yafikika. Kwa Juni na Julai, wakati wa ukavu, manyoya yanafaa. Kwa miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, ningechagua nyuzi. Mifuko mizuri hupatikana kwenye mitumba kwa aliye na subira. Neno lile la misafara bado linatuhudumia. Ukiutazama, ufungue, uutikise uone kama umejaa hewa, na usiukunje kwa kuubana miezi kadhaa kabatini, maana utakufa.

Cha juu ni hema au turubai. Hema la mtu mmoja lina uzito wa kilo moja hadi mbili. Lina sakafu, lina chandarua, linazuia mbu na siafu. Turubai jepesi huweza kuwa chini ya nusu kilo pamoja na kamba na vigingi vyake, lakini linadai ujuzi: ujue upepo unatoka wapi, ujue kuiwamba kamba, uwe na chandarua cha pembeni ukiwa nchi ya mbu. Kitulo hakuna mbu wa kutisha ila kuna upepo, na uwanda hauna miti ya kufungia, kwa hiyo hema dogo lililoinama karibu na ardhi lina faida. Pembezoni mwa Udzungwa, penye miti na joto la bondeni, turubai na chandarua hutosha. Hema lolote liwe na matundu ya kupitishia hewa, kwani pumzi ya mlalaji hugeuka maji usiku na kumdondokea.

Watembezi wa leo hupima mzigo bila chakula, maji na mafuta ya kupikia. Ukiwa chini ya kilo 9 huuita mwepesi. Ukiwa chini ya kilo 4.5 huuita mwepesi kupindukia. Cha kulalia, cha kujifunikia, hema na shanta ndivyo vinavyokula sehemu kubwa, basi hapo ndipo pa kupunguza kwanza. Lakini asiyejua kutua asipunguze sana. Mahali pazuri hupunguza uzito kuliko duka. Usilale bondeni, kwa kuwa hewa baridi huteremka na kukaa humo kama maji. Panda mita chache ubavuni mwa kilima. Usilale kwenye mkondo mkavu wa mto. Na kwa kuwa huna kambi, yaani huna wenzio wa kibanda kimoja, mwachie mtu wa nyumbani njia yako na siku yako ya kurudi, toa taarifa kwa serikali ya kijiji, na ukiingia hifadhi fuata utaratibu wa askari wake.

Kwa ninyi watunzi wa mashairi nina neno moja la ziada. Kituo tunakiita mstari wa mwisho wa ubeti, na watu wengine huuita kibwagizo. Kituo ni pa kutua mzigo. Kubwaga ni kuutupa mzigo chini, na pia ni kuanzisha wimbo ili wengine waupokee, jambo ambalo wapagazi walilifanya njia nzima. Mizani ni kipimo cha uzito. Beti nalo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya nyumba, na kwa watu wa jangwani nyumba hiyo ilikuwa hema. Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa karne ya 8 ambaye asili yake husemwa kuwa ni Oman, alipoipanga elimu ya arudhi aliziita sehemu ndogo za mstari kwa majina ya vifaa vya hema: kamba na kigingi. Neno lake la kamba ni lile lile tunaloliita leo sababu.

Tunapohesabu mizani nane kwa nane, tunafanya kazi ya mtu anayefunga mzigo alfajiri. Silabi isiyobeba maana huachwa kambini. Inayobeba maana mbili huchukuliwa kwanza. Wale waliotuachia maneno haya hawakuwa wakitafuta tamathali. Walikuwa na kilo 30 kichwani na jua limeshapanda. Ningependa tunapoyatumia tuwakumbuke kwa hilo, na kijana anayekwenda Kitulo peke yake, akiishausha shanta yake jioni na kuliona bega lake limeweka alama, ajue kuwa kitenzi anachokihitaji kipo tayari, kifupi, cha silabi mbili: tua.